Barua ya Papa na Magunia ya Mume Wangu

Ulikuwa mwaka ule mayai yalipoadimika Dallas, sisi wakimbizi wa mtaa wa Vickery Meadow tukala maharage asubuhi na jioni mpaka wajukuu wakayaita adhabu. Ndio mwaka ambao mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, nesi Mkenya anayeishi mji jirani wa Euless, alitaka kushusha Njia ya Msalaba ya marehemu mume wangu.

Aliichora katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa masizi na udongo mwekundu, juu ya magunia ya unga wa msaada yaliyoshonwa pamoja. Yule mtawala anayenawa mikono kamvika miwani ya karani aliyekuwa akitunyima kadi za mgao. Tumeitundika kwenye ukumbi tunamosali. Mwenyekiti aliutaka ukuta huo kwa skrini ya maneno ya nyimbo.

"Shosho," akaniambia mbele ya watu, maana ndivyo kwao wanavyomwita bibi, "kuna papa wa kale sana, ameacha mamia ya barua. Aliandika kwamba picha ni za wasiojua kusoma. Siku hizi sisi wote tunasoma."

Alipotamka "sisi" akanitupia jicho. Mimi nimefika darasa la tatu, na barua za mume wangu sikusomewa na mtu, nilizisoma mwenyewe.

Nikampigia mjukuu wangu anayesomea historia Houston. Huyo ana akili, na sisemi kwa sababu ni damu yangu. Aliitafuta barua, akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Kumbe papa alikuwa anamkaripia askofu aliyevunja picha. Mwenyekiti alichukua kipande kilichomfaa, kilichobaki akakitupa.

Papa mwenyewe naye hakunifurahisha. Katutetea kama mtu anayesema mwachieni kipofu fimbo yake. Barua mamia, na hakuna hata moja ambamo alimuuliza bibi kama mimi anaona nini ukutani.

Jumapili nikamweleza mwenyekiti barua inavyosema hasa. Akajikuna shingo.

"Sawa, Shosho, lakini si unaweza kuitundika chumbani kwako?"

"Chumbani kwangu nani atasali, viatu?"

Akina mama wakacheka ndani ya vitenge.

"Haishuki. Tafuta ukuta mwingine," nikamwambia.

Akaenda kuleta ngazi, akitabasamu kama anavyowatabasamia wagonjwa wake. "Tunaishusha kidogo tu, tuone skrini itakavyokaa."

Nikavuta kiti, nikaketi palepale alipotaka kuisimamisha ngazi.

"Haishuki. Tafuta ukuta mwingine."