Godoro la Hayat Getini

Hayat binti Uthmani, wa mtaa wa Buyenzi, alikuwa hajui kushindwa darasani kunafananaje. Tangu alipoanza shule, kila siku ya proklamasyo, ile siku wazazi wanajaa uwanjani na watoto wanatajwa kwa sauti kutoka wa kwanza hadi wa mkia, jina lake ndilo lililotangulia. Baba yake, fundi wa pikipiki, alishazoea. Alikuja na mafuta yake ya injini mikononi, akapiga makofi, akarudi kazini. Shangazi yake Sijaona ndiye aliyepiga vigelegele mpaka wauza vidagaa vya ndagala wa ng'ambo ya barabara wakauliza kuna arusi ya nani.

Basi alipofaulu mtihani wa kuingia shule ya ekselansi, ile ya bweni kule mlimani wanakokusanywa watoto wenye vipaji wa mikoa yote, mtaa mzima ulivimba kichwa. Wakamnunulia godoro jipya kwenye maduka ya Asiatique, jekundu la maua, maana bwenini kila mtoto huenda na godoro lake. Sijaona alilibeba mwenyewe mpaka kitandani, akawatangazia wasichana waliokuwemo: «Wa kwanza wenu ndiye huyu. Mumuone vizuri.»

Wewe ungezama chini ya kitanda kwa aibu. Hayat alitabasamu, kwa sababu aliamini.

Muhula ule ulimpiga vibaya. Kumbe kule kila mtoto alikuwa wa kwanza wa kwao! Mwalimu wa hesabu anaandika swali ubaoni, mikono inaruka kabla Hayat hajamaliza kulisoma. Danielle, msichana wa mkoa wa mbali wa Ruyigi, wa kitanda cha jirani, alikuwa akilia chini ya shuka. Hayat hakulia, alikasirika. Alisoma hadi macho yakamuuma, akapata alama nzuri tu, alama ambazo Buyenzi zingemfanya wa kwanza bila kutoka jasho. Pale mlimani zilimburuta nyuma. Na kila akipiga simu nyumbani, shangazi anauliza: «Wa kwanza wetu hajambo?» Naye anajibu hajambo. Angejibu nini?

Na shule ile ilikuwa na desturi yake moja ya kikatili, wacha niiseme kama ilivyo. Asubuhi ya proklamasyo magodoro ya wawili wa mwisho yalikunjwa, yakafungwa kamba, yakawekwa getini. Wenyewe wanarudi shule za kwao, na watoto wengine wanaletwa kuziba nafasi. Direkteri, mkuu wa shule, Bwana Gélase, alisema huko ni kupogoa mti. Watoto wa watu, eti matawi!

Asubuhi ile Hayat alirudi kutoka kuoga akakuta kitanda chake chuma kitupu. Cha Danielle vilevile. Akakaa juu ya zile waya. Hakuogopa kurudi Buyenzi, kwao ni kwao. Alichoogopa ni kurudishwa kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Saa nne minibasi ya Buyenzi ikafika, imejaa ndugu, na sufuria ya pilau mapajani mwa Sijaona. Ndiyo, pilau! Walikuwa wameshapika sherehe ya wa kwanza. Sijaona alipita getini, akaliona lile godoro jekundu, akamgusa wifi yake Khadidja, mama wa Hayat. «Ona shule yenye usafi, Mama Hayat. Magodoro wanaanika mpaka inje!»

Majina yakaanza kusomwa. La kwanza lilipotajwa Sijaona alikuwa ameshafungua kinywa, akakifunga. La pili, akakifunga tena. Majina yakateremka, teremka, na pilau ikapoa. Uthmani alikuwa anatazama mikono yake. Danielle akaitwa, wa thelathini na moja, na hakuna aliyepiga makofi, maana wazazi wake walikosa njia ya kutoka Ruyigi.

«Wa thelathini na mbili, na wa mwisho: Hayat.»

Hayat akaanza kutembea kwenda mezani kuchukua karatasi yake, macho chini. Alipofika katikati, kigelegele kikapasua hewa. Kirefu, cha Buyenzi hasa.

Mama mmoja wa mbele, ambaye mwanawe alikuwa wa thelathini, akageuka akicheka. «Mama, huyo ni wa mwisho.»

«Nimesikia, mi si kiziwi,» Sijaona akasema. «Wa mwisho wa wapi? Wa mwisho wa vichwa vya nchi nzima! Mutoto wetu huyo!» Akapiga kingine. Uthmani naye akasimama, akapiga makofi kwa ile mikono yake ya mafuta.

Hayat akainua macho.

Direkteri akakohoa, akasema hao wawili wanashukuriwa, magodoro yao yako getini.

«Bwana Direkteri, naomba kuuliza,» Hayat akasema.

«Si wakati wa maswali.»

«Ni hesabu tu. Muhula ujao, wa mwisho watakuwepo ao hawatakuwepo?»

Watu wakacheka. «Watakuwepo, bila shaka.»

«Nao mutawafukuza?»

«Ndiyo kanuni.»

«Na hao mutakaowaleta, nao si watakuwa na wa mwisho wao? Basi hapa hakuna aliyefaulu. Kila mutu anangojea zamu yake.»

Yule mama wa mbele aliacha kucheka. Alimtazama mwanawe, halafu akamtazama direkteri. «Mujibu mutoto, Bwana Direkteri.» Na mwingine nyuma yake: «Ndiyo, mujibu!»

«Kaa chini, we mtoto!»

«Sikai. Alama za kupita ninazo, ziko kwenye karatasi hii. Mimi sitoki.»

Akaenda mpaka getini, akajitwisha godoro kichwani. Akaliacha basi la kwao kushoto, akakata uwanja katikati, mbele ya wazazi wote, kuelekea bwenini. «Danielle! Lako unamngojea nani akubebee?» Danielle akalikimbilia. Mlinzi aliambiwa awazuie. Akawatazama wazazi, wote walikuwa wamesimama, akasogea pembeni.

Pilau ililiwa ikiwa baridi, na yule mama wa mbele alirudia sahani. Hayat akaenda likizo mikono mitupu, godoro lake likabaki bwenini, na Buyenzi walimpokea kama bibi arusi.

Muhula wa pili alikuwa wa ishirini na tisa. Shangazi alipiga vigelegele vilevile, na getini hapakuwa na kitu. Wa mwisho alikuwa Danielle. Alichukua karatasi yake, akapanda basi la Ruyigi kwenda likizo, na begi moja begani. Godoro alikuwa ameliacha kitandani, limetandikwa.