Pumzi ya Mzamiaji

Juzi sokoni nilikiona kwenye meza ya muuza vitu vikuukuu: kile kimashine cha mchezo wa kuzamia majini nilichochezea utotoni, chenye kioo kidogo kama kipande cha sabuni. Binti yangu akaniuliza, "Papa, ni muzuri?" Ngoja nikueleze na wewe, taratibu.

Uzuri wake ulikuwa maji. Ulishuka na mzamiaji, mwanga ukafifia, buluu ikageuka nyeusi, ukabaki na sauti moja tu: pumzi yake. Ubaya? Samaki walijirudia walewale, vidole viliuma, betri ilikuwa hafifu. Tena mzamiaji hakufa kamwe. Hewa ikimwishia, alijikuta juu mtumbwini, mzima.

Kwetu ziwani si hivyo. Mjomba alikwenda kuvua samaki wa mikebuka, hakurudi, wala mwili haukuonekana. Bibi akakataa kukaa kilio. "Bila mwili, tunalilia nani?" Mchana akipakua ugali na visamaki vya ndagala, alimwekea mjomba sehemu yake, akaifunika.

Siku moja ya mvua, Bibi alikichukua kimashine mikononi mwangu, akakiweka sikioni.

"Anapumua."

"Bibi, ni sauti ya mashine."

"Nyamaza. Mimi njo nilimuzaa."

Tangu hapo, kila baada ya chakula nilimshusha mzamiaji hadi chini, kisha nikamkabidhi Bibi. Alimpa habari za nyumbani: mvua, mbuzi aliyezaa. Nami, amini usiamini, nilianza kuhisi kuna mtu anayemsikiliza.

Jirani, aliyetuchajia betri kwa sola yake, alimtania: "Mama, umuulize basi ndagala zimejificha wapi, bei imepanda!" Bibi akacheka naye.

Kisha betri ikachoka kabisa. Pumzi ilikatika Bibi angali anaisikiliza. Jirani akajaribu waya zake, akatikisa kichwa. "Nitaagiza ingine Kigoma, Mama."

Bibi akamshika mkono. "Acha. Amelala. Muite pasta, watu waje tulie."

Ua ulijaa watu. Ndipo nilipomsikia Bibi, kwa mara ya kwanza, akilia kwa sauti.

Sasa Bibi hayupo, jirani alihamia Nyunzu, na ziwa lilipopanda liliimeza nyumba ile pamoja na ua wake. Maji yakitulia, ukipita na mtumbwi unaona ukuta kule chini, na samaki wakiingia mlangoni. Wapiga kasia wakifika hapo hupunguza sauti. Hakuna aliyewafundisha.