Dada Yangu na Tajiri wa Pembe

Mjukuu wangu hunisomea vitabu vyake vya mapenzi, vya matajiri na vimada wao. Juzi alifika mahali tajiri anamtuliza kimada wake kwa kumwambia, "Niachie mimi." Nikamwomba afunge kitabu. Maneno hayo niliwahi kuyasikia kwa masikio yangu hapa Songea, wakati wa Mjerumani.

Dada yangu aliishi na mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyetoka pwani, nyumba yake ikitazamana na boma. Hakumwoa. Mama aliacha kabisa kumtaja, lakini mimi nilikwenda kumtembelea. Nilimkuta ana kanga mpya na anacheka kwa urahisi. "Ananipenda," aliniambia, nami niliamini, maana yule bwana alimtengea nyama kwa mkono wake mwenyewe.

Vita vya Maji Maji vilipokuja, baba alikunywa dawa na kwenda kupigana. Waliposhindwa, alijificha porini upande wa Mpitimbi. Askari walichoma maghala ya chakula, tukawa tunakula mizizi. Dada alitutumia unga kupitia kwangu, na mama aliupika bila kuuliza ulikotoka.

Siku moja nilikuwapo dada alipopiga magoti mbele ya yule bwana. Alijua kwamba bwana huyo hula meza moja na mkuu wa boma.

"Mwombee baba msamaha," alisema.

"Yuko wapi?"

Dada akamwambia: bonde lipi, na kijito kipi.

"Niachie mimi," akasema, akamfuta machozi.

Kesho yake kabla ya saa sita askari walimpitisha baba mbele ya nyumba ile, kamba shingoni. Dada alikuwa barazani anachambua mchele. Ungo ukamtoka mikononi. Akaingia ndani, nami nyuma yake. Yule bwana alikuwa anakula.

"Ulisema utamwombea."

"Watu wake walichoma ghala langu la pembe," alijibu taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Kaa ule, chakula kinapoa."

Nilitazama mkono wake ukimega mkate, mkono uleule uliomfuta dada machozi, na sikuweza kuelewa.

Baba alinyongwa pamoja na wengine. Dada alivua vikuku, akaviacha mlangoni, tukarudi nyumbani. Alimweleza mama yote, hakuficha hata lile la bonde. Mama akasogea kwenye mkeka, akampa nafasi.

Baada ya mwezi hivi, mtumishi wa yule bwana alifika na jora la kitambaa.

"Bwana anauliza utarudi lini," alisema.

Tulitazamana, sisi watatu. Hata leo hilo ndilo linalonishangaza kuliko yote: alidhani dada angerudi. Dada alimrudishia mtumishi kitambaa chake, akachukua jembe, akatutangulia shambani.