Injini Yenye Chapa ya Ngamia Wetu

Mtu akiniuliza siku hizi mbunge huambiwaje, mimi namwuliza kwanza: umekula kwake? Kama umekula, nyamaza, rudi nyumbani. Sisi tulijifunza hilo kwa kiu.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya ile mvua kubwa iliyokata barabara zote. Tuliishi kando ya barabara ya Garissa kwenda Habaswein, nyumba kama arobaini, maduka mawili, msikiti wa mabati na kisima cha injini. Kisima ndicho kilichotuweka pale. Mimi nilikuwa mjane, nimetoka kwenye ukame uliotangulia na ngamia wawili kati ya kumi na wanne. Wote majike. Mmoja alikuwa na maziwa, mwenzake alikuwa na mimba. Maziwa niliyapeleka Garissa kwa lori, na hayo ndiyo yaliyolisha nyumba yangu. Kwa hiyo nikisema injini, ujue nasema ngamia wawili.

Injini ilizima siku moja asubuhi. Fundi wa maji wa serikali akaja, akaifungua, akasema kuna kitu ndani kimekufa, lazima ipelekwe Garissa. Chifu akaweka sahihi. Tukaipakia kwa mikono yetu wenyewe. Wanaume waliisukuma juu ya gari, wanawake tukapiga vigelegele kama tunamsindikiza bibi harusi. Mimi pia nilipiga. Nasema hivyo kwa sababu nitawataja wengine hapa, na sitaki kujiruka.

Fundi alisema wiki mbili. Ikapita miezi mitatu. Tukarudi kwenye bwawa la kuchimbwa, mwendo wa nusu siku, maji ya tope ambayo fisi anakunywa upande huu na wewe unachota upande ule. Mbavu za ngamia wangu ungeweza kuzihesabu ukiwa umesimama mbali.

Wazee wakasema wataenda kwa mbunge. Wakaenda saba, kofia safi, ndevu zimepakwa hina. Walirudi siku ya tatu, na nilipomwona kaka ya marehemu mume wangu akishuka kwenye lori nikajua mambo yameharibika, maana alikuwa anachokoa meno.

"Amesemaje?" nikamwuliza.

"Ametupokea vizuri sana. Amechinja mbuzi wawili."

"Na injini?"

"Mbuzi wanono, shemeji."

"Injini, shemeji."

"Amesema atafuatilia."

Kwetu ukishakula nyama ya mtu, huwezi kukaa kwenye mkeka wake ukamsema. Ni aibu. Na yule mbunge aliijua aibu hiyo vizuri kuliko sisi. Kila ujumbe uliokwenda kwake ulikuta sufuria iko motoni tayari. Watu waliingia na malalamiko, wakatoka na mafuta kwenye vidole. Hata miaka ya chama kimoja alikuwa hivyo hivyo, na vyama vilipokuwa vingi akaongeza sufuria tu.

Tukajaribu barua kwa wakubwa wa Garissa. Mwalimu wetu aliiandika vizuri, tukaweka vidole gumba chini, karatasi ikawa nyeusi. Chifu akasema barua isiyo na muhuri wake haifiki popote, tumpe yeye. Tukampa. Ujinga wetu, tena mkubwa. Kila Ijumaa nikawa namwuliza, "Adeer, barua imefika wapi?" Adeer ni baba mdogo, ndivyo tulivyomwita kwa heshima. Naye ananijibu, "Iko njiani, mama." Kutoka kwetu mpaka Garissa punda mgonjwa angeshafika, akarudi.

Sasa, kuna jambo nilipaswa kulisema mapema. Injini ile ilipoletwa mara ya kwanza, mlinzi wa kisima alichukua patasi na nyundo akaigonga ubavuni chapa ya ngamia wetu, mistari miwili na nusu duara chini yake. Vijana waliosoma walimcheka sana. Walisema injini haiendi malishoni. Mlinzi akawajibu kwamba mali isiyo na chapa ni ya kila mtu. Na wakaendelea kucheka.

Dereva wa lori lililobeba maziwa yangu alikuwa mtoto wa wafugaji kama sisi. Siku moja alinirudishia vyombo vyangu vitupu, akasimama, hakuondoka.

"Eedo," akaniambia, ndiyo shangazi, "nyinyi mna injini ngapi?"

"Tuna moja, na iko kwa fundi."

"Nimepeleka magunia kwenye shamba la mbunge kule mtoni. Kuna injini inavuta maji ya Tana, inamwagilia vitunguu na matikiti. Ina chapa yenu."

"Umeona vizuri?"

"Chapa naisoma vizuri kuliko kitabu, eedo. Kitabu ndicho kilichonishinda."

Nilikaa chini. Sikulia. Nilikuwa na hasira ya kunitosha mwaka mzima. Wazee nilipowaambia, wakaanza kupanga ujumbe mwingine. Nikawaambia, "Nyinyi mmeshakula. Kaeni."

Tulikwenda kwa mbunge wanawake kumi na mmoja, kwa lori la maziwa. Aliyetuongoza alikuwa mkunga wetu, mama mzee ambaye mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa pale. Yeye ndiye aliyesema tubebe mtungi wa maji ya bwawani, na kwamba tukifika pale hakuna atakayeweka kitu chao mdomoni. Watu wa kwetu hufanya hivyo wakienda kudai jambo zito, la damu au la mke. Mgeni akikataa chakula, mwenye nyumba hawezi kutulia mpaka ajue kwa nini. Hatukuwahi kusikia mtu amefanya hivyo kwa sababu ya injini.

Getini kulikuwa na askari, kijana wa kutoka kusini, kule tulikozoea kukuita Kenya kama vile sisi tuko nchi nyingine.

"Mama, mnataka nini? Mheshimiwa amepumzika."

"Sisi ni wageni wake," mkunga akasema.

"Wageni wote hawa?"

"Wewe huna shangazi?"

Akafungua. Tukaketi kivulini uani, na haikuchukua muda zikaja chai ya maziwa na sinia la wali na nyama. Harufu yake naikumbuka mpaka leo, maana nilikuwa sijala tangu jana. Tukafungua mtungi wetu, tukamimina yale maji mekundu kwenye kikombe kimoja, tukapitishiana. Sinia likakaa pale, nzi wakala kwa niaba yetu.

Mbunge akatoka na kikoi, anatabasamu. Akaona sinia. Tabasamu likapungua.

"Mmefunga, mama zangu?"

"Hatujafunga," mkunga akasema.

"Basi karibuni chakula."

"Tumekaribia."

Akabaki amesimama. Watumishi walikuwa wanatazama, majirani wameanza kuchungulia juu ya ua. Hapo ndipo akatoka mama yake mzazi, kikongwe, anatembea na fimbo, kwa sababu alikuwa ameambiwa kuna wageni hawali. Aliketi nasi kwenye mkeka. Akauliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa, hooyo," mkunga akamwambia, kwa maana ya mama. "Tunatafuta mnyama wetu aliyepotea."

Kikongwe akamgeukia mwanawe. "Umemwona mnyama wa watu?"

"Sijaona ngamia wa mtu yeyote."

"Hatujasema ngamia," mimi nikasema. Sikukusudia, maneno yalitoka yenyewe.

Kikongwe akauliza ana chapa gani. Mkunga akaichora mchangani kwa kidole, mistari miwili, nusu duara. Mama wa watu akainama, akatazama, uso ukamfunguka kwa furaha ya kuweza kusaidia.

"Hii naijua. Iko kwenye ile injini ya shambani kwetu, inayomwagilia vitunguu. Mwanangu alisema ni ya serikali, amekopeshwa."

Mbunge akaanza kuzungumza haraka haraka. Kwamba fundi wa maji ndiye aliyempelekea. Kwamba aliambiwa haina kazi. "Na chifu wenu mwenyewe ameandika kwamba kisima kinafanya kazi. Barua ninayo ndani."

Barua ya chifu ilikuwa imefika, unaona. Yetu ndiyo ilikuwa njiani.

Mkunga akajaza kikombe kutoka kwenye mtungi, akamnyooshea. "Kunywa, mheshimiwa. Haya ndiyo maji ya kisima kinachofanya kazi."

Hakukipokea. Mama yake ndiye aliyekipokea. Alikunywa, akatema mchanga kwenye kiganja, akautazama muda mrefu. Halafu akamwambia mtumishi aondoe sinia. "Wasipokula hawa, na mimi sili," akasema. "Mpaka mali ya watu irudi kwao." Akavuta shuka yake, akaegemea mti wa ua, kama mtu aliyekuja na lori letu.

Tulirudi kwetu jioni ile ile. Injini ilifika siku ya nne. Naambiwa kikongwe aliishi siku zote hizo kwa maji na tende chache, na mbunge alikuwa anazunguka nyumba kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Lakini ngamia wangu mwenye mimba alianguka siku ya tatu. Tulijaribu kumwinua watu wanane, hakuinuka. Siku moja. Ningependa mtu anieleze vitunguu vya nani vilihitaji siku ile moja.

Basi wakafanya sherehe. Naam, sherehe. Mbunge akaja na magari, fundi wa maji akavaa tai, chifu akashika kipaza sauti akatuambia tumshukuru mheshimiwa kwa kutuletea injini. Kaka ya mume wangu alipiga makofi mpaka kofia ikamwanguka. Wakachinja, tena safari hii dume la ngamia. Chifu alibaki chifu. Fundi alihamishwa baadaye, akapandishwa cheo. Uchaguzi uliofuata mbunge alirudi bungeni, na wazee wetu ndio waliompelekea kura, wamekula.

Injini ilipowashwa nilikuwa kwenye hori la kunyweshea na ngamia wangu aliyebaki. Maji yakaja kwanza na kutu, halafu yakawa safi. Chifu aliniona niko peke yangu, akaja mwenyewe na sahani ya nyama, kwa sababu watu walikuwa wameanza kutazama.

"Kula, mama. Mambo yameisha. Usiweke kinyongo."

"Ngamia wangu anakunywa," nikamwambia.

Alisubiri na sahani yake. Ngamia hunywa maji mengi akiwa na kiu ya miezi, na mimi sikumharakisha. Wanawake wengine wakaja mmoja mmoja na mitungi yao, wakajipanga upande wangu wa hori, mkunga akiwa wa mwisho. Tulijaza maji. Chifu akarudi na nyama yake kwenye mkutano, imepoa.