Aliyeshika Kamba

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja muda wa kutosha kupanda mti na kula matunda yake. Nimechekecha mchanga nje ya Mwadui nikitafuta almasi, nimeuza simu za mtumba Kahama mpaka nikazichoka, na mara nyingi zaidi nimevuta kamba kwenye mashimo ya dhahabu ya Geita. Kila ninakofika nauliza maswali. Wengine hunichukia kwa hilo, wengine hunipikia. Dada yangu ni wa hao wanaonipikia. Ana banda la chakula Kharumwa, lisilofungwa mchana hata siku ile upepo ulipoezua nusu ya paa. Aliendelea kupakua huku wateja wakishikilia mabati.

Nilipoingia mwaka huu alinipokea kwa salamu ya Kisukuma, kama kawaida yake.

"Mhola, mtu wa barabara. Safari hii umefukuzwa na nani?"

Nikamwambia nimefukuzwa na hamu ya nsansa, yale majani ya kunde anayoyakausha mwenyewe na kuyaunga karanga. Binti yake alikuwapo. Amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo, kwa hiyo anamsaidia mama yake bandani. Alipiga goti, akaniamkia, nami nikaitikia marahaba. Kisha akainuka kwa kushika mwimo wa mlango, taratibu, kama ajuza.

Nyumbani kwa dada tunakula kwenye sinia moja, wateja wakishaondoka. Na kwetu mtoto hufundishwa adabu moja kabla hajajua hata kunawa vizuri: usitazame mkono wa mwenzako anapokula. Anayetazama mikono ya watu ni mroho. Basi watu hula wakiangalia ugali, mlango, kuku wanaopita. Mimi adabu hiyo ilinitoka zamani. Machimboni tunatazamana mikono makusudi, kwa sababu asiyekula hashuki shimoni. Atazimia huko chini, na kazi ya kumtoa itakuwa yetu. Kwa hiyo nilimtazama mpwa wangu. Mkono wake ulikwenda na kurudi kama mikono yetu. Kinywa ndicho kilichokosa kazi.

Kesho yake nilimweleza dada pale jikoni. Akacheka. Mtoto wa mama ntilie afe njaa? Tangu alfajiri yuko kwenye masufuria, anaonja hiki, anaonja kile. Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba majirani wameshaanza kusema. Wapo wanaotaja ugonjwa, wapo wanaotaja mkono wa mtu, na yeye ameshaelekezwa kwa mganga mmoja.

"Sketi zake nimezipunguza kiuno mwenyewe," akasema. "Kila nikipunguza najiambia, mtoto anarefuka."

Hakuna aliyekuwa amemwuliza mwenyewe, nami kuuliza ndiyo kazi ninayoiweza. Nilimkuta uani anasugua vyombo, nikachukua sufuria moja, nikamwuliza kwa nini hali. Akasema ameshiba. Nikamwambia hilo ni jibu la wageni. Akafuta mikono na kutoa simu.

"Mjomba, wewe unapenda kujua mambo. Tazama. Ila usimwambie mama."

Nikamjibu kwamba kutazama nitatazama, lakini hiyo ahadi ya pili siiwezi. Akafikiri, halafu akanipa simu hivyohivyo. Nadhani alikuwa amechoka kubeba peke yake.

Lilikuwa kundi la mtandaoni la wasichana, na wavulana wachache, kutoka kila upande, wengine wakiandika Kiswahili cha mjini, wengine lugha nisizozijua. Waliitana familia. Aliyekaa na njaa ili akonde alipongezwa kama aliyefaulu mtihani. Aliyekula alikuja kuomba msamaha, na msamaha aliupata kwa masimango. Walifundishana kwamba mama zao hawawaelewi, kwamba nyumbani wasiseme kitu, kwamba anayetaka kuwasaidia ana wivu. Nilisoma polepole, sufuria ikiwa bado mapajani. Mpwa wangu alisimama nyuma yangu, na naweza kusema alisimama kwa fahari kidogo. Pale ndani alikuwa na jina zuri la kujipa. Pale alikuwa mtu.

Nilitaka kuandika matusi. Ninayajua mengi, na kwa lugha kadhaa. Lakini maneno yale yalinifanya nikumbuke mahali. Nimeyasikia midomoni mwa wanaume wazima. Kila kilima chenye dhahabu kina watu wanaokaa kivulini juu ya shimo na kumpigia kelele aliye chini: shuka tena, mwanaume haogopi, fulani jana alifika mbali kuliko wewe. Akitaka kupanda wanamzomea. Na ukiwaangalia vizuri utaona hakuna hata mmoja aliyeshika kamba. Aliyeshika kamba hapigi kelele. Ametulia anasikiliza mkono wake, maana kamba ndiyo mdomo wa aliye chini. Ukiitikisa, naye anapaswa kuitikisa. Isipojibu, kazi inasimama. Haisimami kwenye shimo letu tu. Mlima mzima unanyamaza, hata wale tuliogombana nao mpaka asubuhi hiyo wanaacha sururu zao na kuja.

Nilimweleza hivyo, bila kuongeza chumvi. Kisha nikamwonyesha kitu nilichokuwa nimekiona nikisoma. Kulikuwa na msichana mmoja aliyeandika kila siku, akasifiwa kuliko wote, halafu ghafla maandishi yake yakakoma. Chini ya neno lake la mwisho kulikuwa na mioyo na pongezi, kisha kundi likaendelea na mengine.

"Huyu yuko wapi?" nikauliza.

Akasema hajui. Nikauliza nani anajua. Akasema pale hawajuani majina ya kweli.

"Basi ulizia. Wewe ulizia tu, kisha tazama nani anaacha kazi."

Aliuliza. Sikumsimamia, nilikwenda kununua mkaa. Niliporudi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, simu imegeuzwa uso chini. Alikuwa ameandika kwamba anamtafuta mwenzao, kuna yeyote aliyempata? Wakamwambia asilete mambo mazito. Aliporudia kuuliza wakamwambia anatafuta kisingizio cha kwenda kula. Kisha wakamtoa kundini.

"Mjomba, hata kama amekufa hawajui," akasema.

Akainuka, akaenda kumweleza mama yake. Dada alikuwa anasonga ugali. Alisikiliza na mwiko mkononi, na kwa jinsi alivyoushika niliogopa kwamba atamlisha kwa nguvu papo hapo. Akaanza kuapa kwamba kuanzia leo atamtazama mpaka ameze. Nikamwambia hapana, dada, kuzomewa ameshazomewa vya kutosha. Akanitazama, akautua mwiko.

Zahanati walitusikiliza bila kushangaa, wakatuandikia rufaa ya hospitali kubwa. Huko tulimpata muuguzi aliyesema waziwazi kwamba huu ni ugonjwa, si kiburi wala si uchawi, na kwamba unatibika, ila hautaki haraka. Wanampima, wanaongea naye faragha, na dada naye anaongea nao. Habari ya mganga haijatajwa tena.

Mimi niko Geita sasa. Miguu yangu mnaijua. Tulikubaliana kwamba kila mchana nitamtumia neno moja, Kamba, naye ajibu lililo kweli. Kuna siku anajibu kwamba imekaza, maana yake amekula. Kuna siku anajibu kwamba ameshindwa, nami humpigia tukaongea habari za kuku. Muuguzi ana lake la kufanya, na mimi nina langu.

Wiki iliyopita alinitangulia, akapiga yeye. Nilikuwa kwenye winchi, chombo cha kuzungushia kamba ya shimo, nikampa mwenzangu nafasi yangu na kusogea pembeni. Mpwa wangu alikuwa analia, lakini maneno yalitoka sawasawa.

"Mjomba, leo siwezi kabisa. Nimemwambia mama kwanza, ndiyo nikakupigia wewe."

Ilikuwa saa za chakula cha mchana, saa ambazo pale bandani hupati pa kuweka kiwiko. Nilitega sikio nisikie vijiko, kelele za wateja, dada akimtania mtu. Palikuwa kimya. Nikamwuliza mama yake anafanya nini.

"Amezima jiko," akasema. "Amewatoa watu wote, amefunga mlango. Amekaa hapa chini na mimi."

Nikamwambia vizuri, basi mimi nakata simu. Nikarudi kwenye winchi, nikashika kamba yangu, nikaitikisa. Chini wakajibu.