Njia ya Kasulu

Harufu ya maka peni hunirudisha Kibondo. Wiki iliyopita, chuoni, nilifungua moja ili nikate jina la kijiji katika ramani ya utafiti wangu wa uzamili. Msimamizi wangu alikuwa amesema, kwa haki kabisa, kwamba kijiji hicho kiko mbali mno na hakitaongeza jambo jipya. Sikulikata. Nilirudisha kifuniko, nikaketi, na kwa muda mrefu sikuweza kufanya kitu kingine. Ninyi mnaosoma, niwieni radhi. Sababu yake sijapata kumsimulia mtu.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Baba alikuwa tabibu, Mama mwalimu, wote wawili wenyeji wa Lushoto. Kibondo tuliletwa na barua ya uhamisho. Mwaka huo likizo zao ziliangukia mapumziko ya shule ya mwezi wa sita, wakaamua twende kwetu kwa gari, mwezi mzima, tukilala kwa ndugu na marafiki: Singida, Dodoma, Morogoro, hadi Tanga. Kwa kuwa nilipenda kupima kila kitu, nilikabidhiwa rula, na karatasi ya manila ikatandazwa juu ya meza ya chakula ili nichore ramani ya safari. Baba akaniita Injinia.

Njia zilikuwa mbili. Ya Kahama ilikuwa fupi. Ya pili ilishuka Kasulu, ikapita Uvinza na kuvuka mto Malagarasi kuelekea Kaliua. Mama aliitaka hiyo, pamoja na siku mbili katika kijiji kimoja cha huko, walikofanya kazi kabla sijazaliwa. "Nina mtu wa kumwona," alisema.

Nilipima mara tatu. Kisha nikamweleza, kwa upole wa mtu mwenye ushahidi, kwamba hatuna ndugu Kaliua, na kwamba siku hizo tungeweza kukaa na bibi. Baba aliafiki upesi mno. "Injinia ameshasema!" Nikalifunika jina la kijiji kwa wino mweusi. Mama alitazama, akaendelea kuchambua maharage ya zawadi yaliyoletwa na jirani yetu kutoka Kitahana. Jirani mwenyewe alikuwapo, akacheka hadi akashika mbavu: "Mwalimu, huyu binti yako kesho atatupimia na ugali kwa rula!" Mama alitabasamu kidogo tu.

Jumamosi iliyofuata Mama alikuwa uani akifua, simu yake ikalia mezani. Nikapokea, nikaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nipe Mama Elia."

"Umekosea namba, mama. Hapa ni kwa Mama Rehema. Rehema ndiye mimi."

Mwanamke yule alilirudia jina langu polepole. "Haya, Rehema. Mwambie nimeshapalilia. Nangoja siku atakayofika."

Mchana, wakati wa kula, nililisimulia jambo hilo kama kichekesho: kuna mtu huko amepalilia shamba, sasa anampigia asiyemjua! Hakuna aliyecheka. Baba alirudisha tonge sahanini. Mama akasema, kwa sauti ileile ya kufundishia:

"Elia ni kaka yako. Alikutangulia. Homa ilimchukua akiwa na miaka miwili, tukamzika kule, na mwezi uliofuata tukahamishwa. Yule mama ndiye anayelitunza kaburi. Sijarudi tangu hapo."

"Mama Rehema," Baba alinong'ona, "mbele ya mtoto..."

"Mtoto alitaka kujua tuna nani Kaliua. Nimemjibu."

Wino wa maka peni haufutiki. Nilijaribu kwa mate, nikatoboa karatasi. Baba ndiye aliyekwenda dukani kununua manila nyingine. Aliichora njia ya Kasulu yeye mwenyewe, bila rula, na mstari wake ulipinda vibaya. Sikumsahihisha.

Tulifika kijijini siku ya pili, jioni, tukiwa wekundu kwa vumbi. Mwanamke mnene alikuwa amesimama kando ya barabara, akapaza sauti: "Mama Elia!" Na Mama, kabla gari halijasimama, akaitika: "Abee!" Sikuwahi kumsikia akiitika hivyo. Waliondoka wameshikana mikono kuelekea kaburini. Baba alibaki ameshika usukani, injini imezimwa, akitazama mbele.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Baba alipenda njia fupi ili kuokoa mafuta ya gari. Nimechelewa sana kuelewa kwamba tabibu aliyewatibu watoto wa kijiji kizima hakuwa na uso wa kulirudia kaburi la mwanawe, na kwamba mimi na vipimo vyangu vilivyo sahihi tulimpa mahali pa kujificha. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Nimeirudia mara nyingi, na hilo ndilo linalonisumbua.

Jua lilipokaribia kuzama, Baba alifungua mlango wa gari ili tuwafuate. Aliniomba nimshike mkono, nami nikadhani anataka kuniongoza.