Nilivyomfuta Kukhu Nafula Kwenye Orodha

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, kwa sababu nilikula nikashiba, na kushiba huko kukaniletea aibu ambayo nikiisimulia hadi leo nacheka peke yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka chuo Kitale na cheti changu, nimerudi kwetu Matulo na majibu ya kila swali duniani. Kama wewe tu, usinikasirikie.

Nilikusikia Jumapili ukibishana na binamu yako hapa kwangu Kibomet mpaka chai ikapoa. Wewe ulisema watu wa mabanda ya Kipsongo wamezoea kusaidiwa, na serikali ikizidi kuwapa watakaa tu. Yeye akasema wenye nacho wameshika ardhi, wameshika kazi, na maskini hana pa kuanzia. Mlipiga meza kama wabunge. Mimi nilinyamaza, na mkadhani mzee amesinzia. Sikuwa nimesinzia. Nilikuwa namkumbuka kuku fulani.

Mwaka huo mavuno yalikuwa mabaya. Serikali ikaleta mbegu na mbolea ya bure kwa wasiojiweza, na naibu wa chifu akaunda kamati ya kupita nyumba kwa nyumba kuandika majina. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri na mdomo mkubwa, nikachaguliwa. Nilifurahi kupita kiasi, kwani nilikuwa na nia ya kugombea udiwani na niliona hapo ndipo watu wataanza kunijua.

Kwenye kikao cha kwanza nikatoa hotuba. Nikasema kinachomtenganisha tajiri na maskini ni bidii, basi. Nikasema mtu yeyote mwenye dalili ya kujiweza tumfute, tusije tukalea uvivu kwa mali ya umma. Wazee walitazamana wakatikisa vichwa, na mimi, kwa ujinga wangu, nikahesabu hiyo kuwa sifa.

Nyumba niliyopangiwa mwisho ilikuwa ya Kukhu Nafula. Kukhu ni nyanya, ndivyo tunavyowaita akina mama wazee kwetu. Alikuwa mjane, analea wajukuu watatu kwa kishamba kidogo nyuma ya kanisa. Alinikalisha kwenye kiti chenye kitambaa cha maua, akaniuliza habari za mama, na kabla sijafungua daftari nikasikia kuku analia nyuma ya nyumba. Wewe unatujua watu wa Bungoma. Mgeni haondoki bila ugali na kuku, na firigisi ni yake, hata kama mgeni mwenyewe ni mtoto wa juzi anayeringa na kalamu.

Nikala. Tena nikuambie ukweli wote, kuku alikuwa amekonda, na mimi bila haya nikaliona hilo moyoni mwangu kama kasoro. Nikanawa, nikashukuru, nikaaga. Nilipofika njiani nikafungua daftari, nikaandika kando ya jina lake: ana mifugo, anajiweza. Nikamfuta, nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya naibu wa chifu, siku moja kabla ya kugawa. Mawingu yalikuwa yameshajaa upande wa Mlima Elgon, na kila mtu alijua asiyepanda wiki hiyo amekosa msimu. Jioni hiyo senge yangu, dada ya baba, alinikuta uani nikinyoa ndevu. Upande mmoja ulikuwa umenyolewa, wa pili bado.

"We kijana," akasema, "ulikula nini kwa Nafula?"

"Kuku, senge."

"Na wengine walibaki wangapi?"

"Sikuangalia."

"Si wewe ndio umesoma? Twende uangalie."

Nikamwomba nimalize kunyoa. Alishaanza kutembea. Nikamfuata na povu shavuni, na watu njiani wakanisalimia kwa heshima isiyo ya kawaida.

Banda la kuku lilikuwa tupu. Kuku niliyemla ndiye pekee aliyekuwepo, na alikuwa ameatamia. Ndiyo maana alikuwa amekonda. Kukhu Nafula alimtoa juu ya mayai kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumchinjia mgeni, kisha akayapeleka mayai kwa jirani, yawekwe chini ya kuku wa huyo jirani. Haya yote aliyasema kwa utulivu, huku akichambua mboga.

"Mbona hukuniambia, kukhu?"

"Ningekuambia saa ngapi? Si ulikuwa unakula."

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke. Nikamvuta senge kando, nikamwambia nitachukua mbegu yetu ya nyumbani nimletee kimyakimya, na mambo yaishe. Nilikuwa nawaza udiwani wangu. Senge akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Yake iko pale ofisini, imeletwa kwa watu kama yeye. Wewe unataka umpe yako ndio akushukuru? Rudisha jina lake bana."

Naibu wa chifu hakunirahisishia. Alisema orodha imeshapita, na aliyemfuta mtu ndiye atasimama mbele ya baraza aeleze alikosea wapi. Kwa hiyo asubuhi yake nikasimama mbele ya Matulo yote, nikasema, "Nilikula kuku wa mwisho wa Kukhu Nafula, halafu nikaandika kwamba anajiweza."

Mzee mmoja wa nyuma akauliza polepole, "Na firigisi?"

"Nilikula pia."

Walicheka mpaka naibu wa chifu akafunika uso kwa kofia. Kukhu Nafula naye alicheka, halafu akawaambia, "Muwache huyo mutoto, ni mimi nilimkaribisha." Akapewa mbegu yake na mbolea yake. Alipanda kesho yake, na mvua ikanyesha siku ya tatu. Mimi udiwani niligombea nikashindwa, na kila nilikoenda kuomba kura niliulizwa kama nimeshakula.

Sasa nikuambie ninachotaka ubaki nacho. Bishaneni, mimi sikatazi, nyumba isiyobishana inanichosha. Wavivu wapo, hata ukoo wetu unao na unawajua kwa majina. Wanyang'anyi wa ardhi wapo pia. Binamu yako ana ukweli wake na wewe una wako, na serikali nzuri itawahitaji nyote wawili. Lakini mtu akikuonyesha uso mkunjufu, usiseme hana shida. Watu wetu huficha njaa yao mgeni akija, kwa sababu hicho ndicho walichobaki nacho cha kujivunia. Ukitaka kujua hali ya mtu, muulize, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Kilicho haki yake mpe kama haki, usikigeuze zawadi yako ya kutafutia sifa. Na ukikosea hadharani, jirekebishe hadharani, hata wakucheke. Kicheko kitapita, lakini mtu aliyekosa kupanda kwa sababu yako atakumbuka msimu huo maisha yake yote, na wewe pia.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kauli yenye nguvu na sikio lenye nguvu kuliko kauli. Akujalie cheo siku moja, mimi nilikikosa, na ukikipata, kila jina litakalopita chini ya kalamu yako uone uso wa mwenyewe kabla hujaandika neno.